Risala ya Wakusanya Mbegu wa Mlima Kenya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu. Kwa waheshimiwa magavana wa Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi, Meru na Laikipia. Na kwa wakuu wa misitu mliofika Nyeri leo.



Sisi tulio mbele yenu ni wakusanya mbegu za miti na wenye vitalu vya miche. Tumetoka Nyeri mjini, Tetu, Othaya, Karatina, Mweiga, Naro Moru na Nanyuki, na wenzetu wa Kerugoya, Embu na Chogoria wametia maneno yao humu. Wengi wetu ni kina mama wenye vitalu kando ya mito, wanaoosha pakiti za maziwa na kuzijaza udongo. Wengine ni wazee waliokuwa vibarua wa msitu enzi zao, wanaojua mti gani unazaa lini na ndege gani anautangulia kuula. Mnapopanda mti wa kienyeji mbele ya kamera, huenda mmoja wetu ndiye aliyeinama chini ya mti mwingine kuokota mbegu yake. Hatukuja kudai shukrani kwa hilo. Tumekuja na malalamiko, na baada ya malalamiko tuna madai.

Lalamiko la kwanza, ambalo mengine yote yanatokana nalo, ni kwamba nchi hii inahesabu miche na kusahau uzazi. Desemba 2022 Rais alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, ili eneo lenye miti lifike asilimia 30 ya nchi. Tathmini ya misitu ya 2021 ilikuwa imeonyesha tuko asilimia 12.13, kwa hiyo ile asilimia 10 iliyoandikwa katika kifungu cha 69 cha Katiba tulikuwa tumeivuka. Tulifurahi. Hakuna mwenye kitalu asiyefurahia tangazo la aina hiyo. Tarehe 13 Novemba 2023 ikawa sikukuu ya kupanda miti, shabaha ikiwa miche milioni 100. Tarehe 10 Mei 2024, nchi ikiomboleza waliouawa na mafuriko, tukapanda tena. Ipo hata programu ya simu, JazaMiti, ya kurekodi kilichopandwa. Mpango mzima umejaa tarakimu. Lakini kuna jambo ambalo hatujasikia likiulizwa jukwaani: mbegu za miche yote hiyo zinatoka kwa miti ipi, na je, miti hiyo iko salama?

Msitu wa mlima huu na ule wa Nyandarua haukupandwa na mtu. Ulijizaa, na bado unajizaa pale unapopewa nafasi. Anayepanda miche elfu kwenye kilima kilichonyolewa amefanya kazi njema. Ila msitu unaoweza kustahimili ukame, moto na joto ni ule unaoangusha mbegu zake wenyewe msimu hadi msimu, kila mbegu ikiwa na mchanganyiko wake wa baba na mama. Mtuvumilie tueleze jinsi miti hii inavyozaa, maana bila hilo madai yetu yataonekana kama ya watu wanaotafuta zabuni.

Tuanze na muthaiti, ambao wenye mbao huuita kafuri. Huu ndio mti mkuu wa upande wenye mvua: kusini na mashariki ya Mlima Kenya, kupitia Chuka hadi Meru, na miteremko ya Nyandarua inayotazama Nyeri na Murang'a. Hauzai kila mwaka. Unaweza kukaa miaka hata kumi bila kutoa mbegu za maana, na mwaka wake unapowadia, sehemu kubwa ya matunda huharibiwa na wadudu kabla ya kukomaa. Anayengojea mbegu ya muthaiti hujifunza subira isiyofundishwa kwenye semina yoyote ya mazingira. Katika miaka hiyo ya ukimya mti huendelea kwa njia nyingine, yaani machipukizi ya mizizini. Tatizo ni kwamba chipukizi ni mti uleule. Ukiona miti michanga ishirini ya muthaiti imezunguka kisiki kimoja, huenda ni mmoja tu unaoutazama. Ugonjwa utakaouweza mmoja utaiweza yote, na ukame vivyo hivyo.

Sasa kumbukeni yaliyotokea miaka ya 1990. Wezi wa mbao hawakufuata miti michanga, walifuata mikubwa, na mikubwa ndiyo iliyokuwa ikizaa. Uchunguzi wa angani uliofanywa 1999 na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, uliwaonyesha Wakenya maelfu ya mikafuri iliyoangushwa, mashamba ya bangi katikati ya msitu na matanuri ya mkaa. Mwaka uliofuata msitu wa Mlima Kenya ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa na kuwekwa mikononi mwa KWS. Hatua ile iliokoa mengi, na hatuna neno baya juu yake. Lakini amri ya serikali huzuia shoka, haimrudishi mzazi aliyekwisha kuanguka. Sehemu nyingi zilizokatwa zimefunikwa tena na kijani, na mgeni akipita kwa gari atasema msitu umepona. Mzee wa kazi akiingia ndani ataona machipukizi na miti ya haraka ya kuziba pengo, na atauliza muthaiti wenye umri wa kuzaa uko wapi. Swali hilo tunalileta kwenu, Mheshimiwa Waziri. Upande huu wa Nyeri imesalia mingapi?

Upande mkavu, kuanzia Mweiga kupitia Naro Moru hadi Nanyuki, mwenyeji ni mtarakwa. Huu una dume na jike, kila mmoja kwenye shina lake. Ukikaa chini ya mtarakwa dume hutaokota mbegu hata uzeeke hapo. Asiyejua huukata kwa kuuona tasa, na miaka michache baadaye majike waliobaki wanatoa mbegu zisizoota, kisha analaumiwa mwenye kitalu kwamba hajui kazi. Podo nao ni vivyo hivyo. Mtarakwa una tabia nyingine ya ajabu: watoto wake hawapendi kivuli cha wazazi. Huota vizuri mahali palipo wazi, mara nyingi palipopitiwa na moto wa zamani. Moto mmoja katika miaka mingi huufungulia njia, lakini ukirudi kabla ya watoto kufikia umri wa kuzaa, ukoo unaishia hapo. Ndiyo maana moto mkubwa wa Machi 2012 mlimani, na mioto ya Nyandarua iliyofuata miaka ya karibuni, inatutia hofu isiyopimwa kwa ekari peke yake. Tunahesabu pia muda uliopita kati ya moto na moto.

Kuna muiri, ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume, na ambao biashara yake imesimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1995. Mbegu ya muiri haitaki kuwekwa. Ikikauka sana imekufa. Huokotwa ikiwa mbichi, hutolewa nyama na kupandwa upesi. Anayetuagiza leo mbegu za muiri akaja kuzichukua mwakani amenunua takataka, na tunaposema hivyo tunaambiwa sisi ni wagumu.

Na kuna mugumo. Wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa heshima yake, nasi hatutaingilia. Tutasema tu lile ambalo wengi hawalijui: tini ya mugumo haina mbegu bila nyigu mdogo sana anayeingia ndani yake kutaga, na kila aina ya mugumo ina nyigu wake. Nyigu huyo akishatoka huishi siku chache tu. Lazima apate mugumo mwingine wenye tini changa wakati huohuo, la sivyo kizazi chake kinaisha. Kwa hiyo migumo haizai pamoja. Huu unazaa Februari, ule wa bonde la pili unazaa Mei, na mlolongo huo ndio unaomweka nyigu hai. Migumo ikipungua kiasi cha kukosa kupokezana, ile michache iliyobaki itasimama mizuri kabisa, yenye majani tele, na haitazaa tena. Barabara ikipanuliwa na mugumo mmoja ukaondolewa, mhandisi huandika mti mmoja. Nyigu hana mahali pa kuandika hasara yake.

Wabebaji wa mbegu tutawapitia kwa ufupi: hondohondo, njiwa mwitu, nyani, tumbili, na ndovu, ambaye samadi yake ni kitalu kinachotembea. Uzio wa umeme wa Nyandarua, wa kilomita zipatazo 400, uliokamilika 2009, uliwapa wakulima wa Tetu na Othaya usingizi, na hatuupingi. Ushoroba wa ndovu uliofunguliwa 2011 kati ya mlima na msitu wa Ngare Ndare ulituonyesha kwamba uzio na njia vinaweza kuishi pamoja. Tungependa somo hilo lisiishie upande wa kaskazini.

Kwa nini tunayasema haya sasa? Kwa sababu hali ya hewa inabadilika, na mti hauna miguu. Mbegu ndiyo inayohama. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na wanaopandisha watalii kutoka Naro Moru wanaona mwamba mahali ambapo baba zao walikanyaga theluji. Joto linapopanda, mti uliozoea kimo fulani unahitaji watoto wake waote juu zaidi. Hilo litatokea pakiwa na mzazi anayezaa, ndege wa kubeba na ardhi isiyozibwa. Huko juu mlima una mwisho. Tulikosa mvua misimu kadhaa mfululizo kati ya 2020 na 2023, kisha ikaja El Niño na gharika ya 2024. Wakusanyaji wenzetu wanaona maua yakitoka na kuanguka bila kushika matunda, na miti iliyokuwa ikizaa kabla ya mvua ndefu sasa inababaika. Hatuna maabara ya kuthibitisha sababu. Tunachokijua ni kwamba katika mwaka mbaya kama huo, mti mmoja kati ya mia huzaa vizuri kuliko wenzake. Huo ndio tunaoutaka, na huo ndio ambao msumeno unaweza kuuondoa kabla hatujajua kwamba upo.

Hapa tunaomba ruhusa kwenda mbali kidogo, hadi baharini. Mtasema watu wa Nyeri na matumbawe wapi na wapi. Msiseme kwa haraka. Mito yetu, Chania, Gura na Sagana, inaingia Tana, inazungusha mitambo ya Masinga hadi Kiambere na kuishia Bahari ya Hindi. Lakini si kwa sababu ya mto tunawataja ndugu zetu wa pwani. Tunawataja kwa sababu wametutangulia katika jambo hili.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikapauka na kufa. Joto hilo limerudi mara kadhaa tangu hapo, na 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yalikuwa yanapauka duniani kote kwa mara ya nne. Watu wa Wasini na kwingineko wakaanza kuotesha tumbawe kama sisi tunavyootesha miche: wanakata kipande, wanakifunga kwenye kitalu chini ya maji, kikikua wanakipandikiza mwambani. Ni kazi ya mikono na inastahili heshima. Lakini kipande cha tumbawe ni ndugu yake chipukizi la muthaiti: ni mzazi yuleyule. Vipande mia vya mzazi mmoja vikikutana na joto ambalo mzazi huyo hawezi kulistahimili, vinakufa vyote mia. Uhai mpya wa mwamba unatoka kwenye uzazi wenyewe, pale matumbawe yanapoachia mayai na manii majini usiku, na vitoto vinavyopatikana vikasafiri na mkondo hadi vipate mahali pa kushika. Kila kitoto kina asili yake. Kati ya maelfu watakuwemo wachache wa kuvumilia joto la kesho.

Watafiti wa Mombasa walikuta jambo lililotufurahisha sana sisi wa ikweta. Kwenye miamba ya Australia matumbawe mengi huzaa kwa pamoja katika siku chache za mwaka. Ya Kenya hayafanyi hivyo. Hutawanya uzazi wao katika miezi kadhaa. Misitu yetu nayo iko hivyohivyo. Nanyuki imekaa juu ya mstari wa ikweta, na anayetaka mbegu za aina kumi za miti zote ziletwe mwezi mmoja kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa Juni hajawahi kutembea msituni.

Jingine la pwani ni Kuruwitu, kule Kilifi. Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga kipande cha bahari yao, bila kuvua na bila kugusa, wakakiita tengefu. Walianza kwa kuondoa mikono yao kwanza, ili samaki waliobaki wazae. Samaki wakarudi, na 2017 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sisi huku juu tumekuwa tukipanda kila mwaka mahali palepale, na hakuna aliyetuuliza kama panahitaji kupandwa.

Tukirudi nyumbani, tunayo malalamiko ya kila siku. Tutayasema bila kutaja ofisi ya mtu, kwa sababu lengo letu si kumchomea yeyote.

Kuna vikundi vilivyopeleka miche ya sikukuu za kupanda na kukaa zaidi ya mwaka bila kulipwa. Mama mwenye kitalu amekopa kununua samadi, amelipa vijana wa kubeba maji wakati wa kiangazi, miche imechukuliwa kwa lori la serikali na amepewa karatasi. Akifuatilia anaambiwa faili liko juu. Wengine bei yao imewekwa moja kwa miche yote, mubau, yaani mkaratusi, na muthaiti sawasawa, ilhali mubau unaota hata ukiumwaga ovyo na muthaiti umengojewa miaka. Matokeo yake mnayaona: vitalu vinageuka kuwa vya mubau na mukima, maana mtoto wa shule hasubiri mwaka wa kafuri. Mubau wenyewe unapandwa hadi kwenye chemchemi, kisha tunaitwa mkutanoni kuulizwa kwa nini maji yamepungua.

Kuna wakusanyaji waliokamatwa msituni na gunia la mbegu kana kwamba ni gunia la mkaa. Mbegu zikashikiliwa kama ushahidi. Zilikuwa za muiri.

Kuna miche iliyoletwa hapa kwa malori kutoka mikoa mingine, asili yake haijulikani, ikapandwa upande mkavu wa Naro Moru, ikafa. Katika hesabu ya taifa bado imo, hai kabisa.

Na kuna mfumo wa shamba, wa kulima mazao katikati ya miti michanga ya serikali. Uliporudi midomoni mwa viongozi mwaka 2022, wengi wetu tuligawanyika, na tungali tumegawanyika hadi leo, maana baadhi yetu tunalima viazi katikati ya misaipresi na tunakula kwa njia hiyo. Hatutajifanya malaika. Tunachokubaliana wote ni kwamba misaipresi ya umri mmoja, iliyopandwa kwa mistari ili ikatwe, ni shamba la mbao, na halina haki ya kuandikwa kwenye safu moja na msitu unaozaa. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018, na tangazo la kuiondoa Julai 2023, vyote vilizungumziwa kana kwamba mti ni mti. Kwa mwenye kiwanda cha mbao labda ndivyo.

Mheshimiwa Waziri, haya hayakuanza kwetu. Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapa Tetu, alipoanza kuwaongoza wanawake kupanda miti 1977, alikwenda kwa wataalamu kutafuta miche, na miche ya serikali haikumtosha. Wanawake wakaanza kuitazama miti ya jirani, wakajifunza inachanua lini na mbegu zake zinakomaa lini, wakaotesha wenyewe kwa walichokuwa nacho. Wengine wako nasi leo au wametuachia vitalu vyao. Vuguvugu lake liliwalipa kina mama hao kidogo tu, lakini liliwalipa kwa mche uliopona. Mche uliokufa haukuwa na malipo. Habari ya Tuzo ya Nobel ilimfikia tarehe 8 Oktoba 2004 akiwa njiani kuja Nyeri, naye akaipokea kwa kupanda mti katika uwanja wa hoteli ya Outspan, uso ukielekea mlima. Serikali iliyokuwa ikimpiga rungu ilishabadilika. Hesabu yake ya mche uliopona ndiyo ambayo haijachukuliwa.

Basi madai yetu ni haya.

Tunadai miti mama itambuliwe. Katika kila kipande cha msitu wa Mlima Kenya na wa Nyandarua ichorwe ramani ya miti inayozaa ya muthaiti, mtarakwa, podo, muiri, muhuru na mugumo, dume na jike ikionyeshwa pale inapofaa. Kazi hii haihitaji setilaiti. Inahitaji wazee wanaoijua miti hiyo moja moja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Karatina wenye vifaa vya kupimia, na posho ya chakula. Miti hiyo ikishaandikwa, mahali ilipo pafanywe tengefu za mbegu: hapakatwi kuni, hapalishwi ng'ombe, hapapitishwi barabara bila wanaozitegemea kusikizwa. Walinzi watoke katika vyama vya jamii vya misitu na walipwe, kwa sababu mlinzi wa kujitolea hulinda hadi njaa inapomwita. Kati ya madai yote, tukipewa moja tu, tungechagua hili.

Tunadai kuhesabiwa kwa kilicho hai. Kila eneo lililopandwa katika sikukuu za taifa likaguliwe baada ya miaka mitatu na matokeo yatangazwe kwa kila wadi, hata yakiwa ya aibu. Sehemu ya malipo ya mwenye kitalu nayo ifungwe kwenye mche uliopona. Tuko tayari kwa hilo, mradi nyinyi mpande mvua inaponyesha badala ya siku mgeni rasmi anapokuwa na nafasi.

Tunadai kila gunia la mbegu liwe na kadi: msitu gani, kimo gani, upande gani wa mlima, zimeokotwa chini ya miti mingapi. Isipungue miti ishirini iliyo mbalimbali. Mtu akichuma mti mmoja ulio karibu na barabara akajaza gunia, amepata ndugu wa tumbo moja, na msitu wa ndugu wa tumbo moja tumekwisha kueleza mwisho wake. Mbegu ya upande wa mvua ibaki upande wa mvua. Ya Nanyuki, iliyozoea kiu, ikusanywe kwa wingi zaidi na kupandwa juu kidogo ya pale ilipookotwa, kwa majaribio, huku watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, wakitusaidia kuandika kinachotokea. Kituo cha mbegu cha KEFRI kiko Muguga, nasi tunakiheshimu. Lakini mbegu ya muiri haivumilii safari ya kwenda kupimwa na kurudi. Tunaomba mtaalamu aje mlimani msimu wa muiri, akae hapa nasi.

Malipo yatoke ndani ya siku 30 tangu miche kupokelewa, na bei ifuate ugumu wa mti.

Mkusanyaji wa mbegu apewe kitambulisho kinachotambuliwa na Huduma ya Misitu na KWS, kiwe na jina, kikundi na msitu anaoruhusiwa. Atakayekitumia kubeba mbao anyang'anywe na ashtakiwe, nasi tutakuwa wa kwanza kumtaja.

La mwisho ni gumu kulipigia kampeni: tengeni bajeti ya kutopanda. Yako maeneo, hasa pembezoni mwa msitu uliosalia, ambapo mbegu zipo udongoni na ndege wapo juu, na kinachokosekana ni utulivu wa miaka mitano bila mbuzi, panga wala moto. Fedha za miche zipelekwe kwenye ulinzi na njia za kuzuia moto. Hakutakuwa na picha ya kiongozi akishika jembe mahali hapo. Tunaomba mlikubali hilo.

Tuko tayari kuanza kesho na kipande kimoja cha msitu upande wa Nyeri mtakachokichagua, ili tuhesabu pamoja miti mama ya muthaiti na tuone imebaki mingapi. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mvua za Oktoba, likitaja afisa atakayeshughulikia na tarehe ya kuingia msituni. Nakala tatu za risala hii tumewakabidhi makatibu wenu.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi, wakusanya mbegu na wenye vitalu vya miche,
Nyeri na miji ya Mlima Kenya.